Kufuli Lililobaki Mlangoni

Kwaruu. Kwaruu. Kimya kidogo. Kwaruu.

Kabla sijakata kona niliijua sauti hiyo. Ni kisu juu ya bati lililopakwa rangi. Mchora mabango huijua sauti ya rangi inayobanduliwa kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Na rangi iliyokuwa ikibanduliwa ilikuwa yangu.

Nilikuwa nimeapa sitaukanyaga tena mtaa ule. Nilikuwa nazunguka nyuma, kwenye mashine ya kusaga, nameza vumbi la unga kila siku, ilimradi nisiuone mlango wa lile duka. Lakini asubuhi hiyo fundi viatu, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango huo, alinipigia simu huku akicheka.

"Malenga," aliniambia, maana ndivyo mtaa unavyoniita, "njoo haraka. Shairi lako linanyolewa."

Kodi sikuijia. Deni sikulijia. Shairi nililijia mbio.

Wewe unayenikuta njiani leo, nakufupishia, usije ukasema nimekuacha nje. Mimi na mwenzangu, niliyemwita Pacha kwa kuwa tulikula sahani moja tangu utotoni, tulipanga chumba kando ya soko tukafungua duka la kuchora mabango. Mimi brashi, yeye wateja na kisanduku cha pesa. Ikaja mashine ya kuchapa mabango ya plastiki, wateja wakahama mmoja mmoja, na asubuhi moja Pacha naye akahama, kisanduku kikamfuata. Kodi ikalala, ikalala tena. Siku nimetoka kunywa chai, mwenye nyumba akapiga kufuli kwenye komeo la chini. Akufukuzaye hakwambii toka. Nikanunua kufuli kubwa kuliko lake, nikalipiga kwenye komeo la juu, kisha nikamwandikia mlangoni ubeti wa kumuaga.

Aliyetudhamini kwenye mkataba ule ni dada yangu, mshona nguo, aliyenilea mama alipotutoka. Hapo ndipo lilipo fundo la mkasa wote huu, na hapo ndipo sikutaka kupatazama.

Nikakata kona.

Mwenye nyumba wetu huitwa Mzee Tarehe. Mweleze msiba, ugonjwa au mafuriko, hujibu neno lile lile: "Tarehe ni tarehe." Alikuwa amesimama juu ya kiti cha plastiki, mikono ya shati imekunjwa, kisu cha jikoni mkononi, jasho linamtiririka mpaka kwenye miwani. Kwa kazi yake yote alikuwa amefanikiwa kubandua herufi moja, ile M ya mwanzo. Mpangaji wangu amebaki pangaji. Nyingine zote zilikuwa palepale, nyekundu juu ya kijani:

Mpangaji sikiliza, usiingie haraka,
Chumba hiki chakuliza, kimeshanila hakika,
Mwenyewe anachowaza, ni tarehe ikifika,
Utu alishauuza, siku alipoezeka.

Hasira ilikuwepo, lakini fahari ilitangulia. Bati lile nililipiga msasa kwanza. Nikalipaka rangi ya kuzuia kutu, nikaiacha ikauke, ndipo nikaandika kwa rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka. Kazi ya mteja sijawahi kuifanya hivyo. Ubeti ule ungemzika mzee yule pamoja na wajukuu wake.

"Kisu hicho hakitoi kitu, mzee," nilimwambia. "Shuka. Utaanguka, halafu useme nimekuua."

Hakugeuka. "Umekuja. Nilisema mimi, nikiligusa shairi lake atatokea. Kodi haijawahi kumtoa ndani."

Fundi viatu akachekea puani, misumari ikiwa mdomoni.

"Ungenijibu kwa shairi," nikasema. "Mtu akishindwa kujibu ndipo hushika kisu."

"Mimi si mtunzi. Mimi ni mwenye nyumba." Akashuka taratibu, mguu mmoja, kisha mwingine. "Hebu nikuulize, kijana. Watu wanakuja kutazama chumba. Kinyozi alikuja, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini, akainuka akaenda zake. Mama mmoja wa vitambaa akasoma, akaniangalia mimi, akasoma tena, akasema atanipigia simu. Simu yake naingoja mpaka leo. Chumba kikilala hivi, kodi yake anadaiwa nani?"

"Anadaiwa aliyekifunga. Wewe ulinifungia. Huwezi kumfungia mtu mlango kisha ukamdai kodi ya kukaa nje."

Hoja hiyo nilikuwa nimelala nayo na kuamka nayo. Niliitoa kwa sauti ili mtaa uisikie, maana watu walikuwa wameanza kusimama. Mwenye kikapu cha vitunguu akasema, "Hapo amesema kweli." Nikatanua kifua.

Mzee Tarehe akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati.

"Nilikufungia kwa nini?"

"Kwa kufuli lako."

"Nionyeshe."

Nikanyoosha kidole. Kidole kikabaki hewani.

Komeo la chini lilikuwa tupu. Komeo la juu lilikuwa na kufuli kubwa la shaba, lenye alama niliyolitia mwenyewe ubavuni kwa msumari. Langu. Mlango mzima ule ulikuwa umefungwa na mimi peke yangu.

"Langu nililitoa kesho yake," alisema mzee. "Mkwe wangu mwanasheria alinigombeza. Aliniambia, ukimfungia mpangaji, umejifungia kodi yako mwenyewe. Nikaja nikalitoa mbele ya huyu fundi. Nikakutafuta nikwambie. Wewe ukawa unapita kule kwenye mashine ya kusaga kama mwizi wa unga."

Nikamgeukia fundi viatu. "Kweli?"

Alitema misumari kiganjani. "Kweli. Nilikupigia simu. Ukaniambia nikiutaja mlango huu tena, urafiki basi."

Nilikuwa nimemwambia hivyo. Nilikumbuka hata mahali nilipokuwa nimesimama.

"Sasa," Mzee Tarehe akaendelea, naye akainua sauti, maana kumbe na yeye alijua kuhutubia mtaa, "vitu vyako vimo ndani. Kufuli lako liko nje. Tangazo lako linawafukuza wapangaji. Anayekishikilia chumba ni nani? Umepanga nyumba yangu kwa ujeuri, mwanangu, na ujeuri nao una kodi yake."

Wakacheka. Yule wa vitunguu, aliyesema nimesema kweli, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Likate basi," nikasema. "Tafuta msumeno ulikate."

"Nilikate, kesho useme nimekuibia brashi za dhahabu? Sikati. Fungua mwenyewe, toa vyako, unikabidhi chumba mbele ya watu hawa. Mpangaji ninaye, yuko tayari kuingia leo. Akiingia, kodi yako inaishia pale pale."

"Kinyozi amerudi?"

"Si kinyozi," ikajibu sauti kutoka kibandani kwa fundi viatu. "Ni mimi, ndugu yangu."

Pacha.

Alijitokeza akichechemea, kiatu kimoja mguuni. Kingine kilikuwa juu ya goti la fundi, kinapigwa soli. Amenenepa. Amenyoa vizuri. Mtu aliyekimbia duka letu akiwa na suruali moja alikuwa amesimama mbele yangu, saa mkononi.

Nikamtazama fundi viatu. "Na wewe unamtengenezea kiatu?"

"Mteja ni mteja, Malenga."

"Unatafuta nini hapa?" nikamuuliza Pacha.

"Chumba."

"Chumba ulikikimbia."

"Nilikimbia njaa. Sasa nimerudi na mashine." Akatabasamu lile tabasamu aliloliweka kwa ajili ya wateja wanaodai bango lao. "Ya kuchapa. Mabango, kadi, fulana. Hata wewe naweza kukupa kazi, maneno unayo. Mimi nilimwambia mzee aliache hilo shairi. Watu wanasimama kulisoma. Wakisimama, wataona bei zangu."

Damu ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Mashine ile ile iliyotuua, mtu huyu ameiposa, ameioa, na sasa anataka kuja kulala nayo kitandani kwangu, na shairi langu limwimbie harusi.

"Umeinunua kwa kisanduku chetu?"

Hapo hakuna aliyecheka.

"Kisanduku chetu kilikuwa kitupu kabla sijakibeba," alisema Pacha, na tabasamu likamtoka. "Ungejua hilo kama ungewahi kukifungua. Wewe ulikuwa unatafuta vina."

Nilimrukia. Fundi viatu akanidaka shati kwa nyuma, nikasikia kitambaa kikilia, na shati lenyewe dada ndiye aliyelishona.

"Nisikilize," nikamwambia Pacha, "na mtaa wote usikie. Siku utakayotia mguu mle ndani, wenye kiatu au usio na kiatu, nitakutoa kwa mikono hii. Naapa."

"Muulize kwanza dada yako," Mzee Tarehe akaanza.

"Usimtaje dada yangu kwa kinywa hicho."

"Kijana, dalali yuko huko sasa hi..."

Sikungoja amalize. Niligeuka nikaondoka, ufunguo wa kufuli ukinipiga kifuani ulipokuwa umening'inia kwa kamba, nikiwa na kiburi cha mtu aliyeshinda. Nyuma yangu kisu kikaanza tena. Kwaruu. Kwaruu. Husemwa hasira hasara. Mimi siku hiyo niliona hasara ni ya wengine.

Nilipokaribia nyumbani nilisikia cherehani ya dada. Taka-taka-taka-taka. Moyo ukatulia. Cherehani ile ndiyo iliyonisomesha, ikanivika, ikanilaza. Ikilia, hakuna kilichoharibika.

Halafu nikauona mkokoteni mlangoni. Juu yake, imefungwa kwa kamba, ilikuwepo cherehani ndogo, ile ya kutia vifungo, na meza ya kukatia ikiwa miguu juu.

Ndani, wapagazi wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi la wateja. Dalali wa mahakama, mtu mwembamba mwenye tai fupi na amri mkononi, alikuwa amesimama katikati ya chumba. Na dada alikuwa anashona.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sogea, unaniziba mwanga."

"Hawa ni nani?"

"Waulize. Midomo wanayo."

"Habari, kijana," alisema dalali. "Tumekuja kwa ajili ya kodi ya lile duka. Tunachukua cherehani mbili na meza. Hii ya pili namsubiri mama amalize."

"Nimekwambia sikukuzaa," dada akasema bila kuinua kichwa. "Na sijamaliza."

"Ulisema pindo moja tu."

"Pindo la sketi ile. Hii ni sketi nyingine."

Dalali akapumua kwa pua. Nikaona haikuwa mara ya kwanza.

"Hebu nisomee tena," dada alimwambia. "Amri yako inasema ubebe mali ya nani?"

"Ya mdhamini. Yako."

"Na sketi hii ni ya nani?"

"Ya mteja, umeshasema."

"Iko wapi?"

Dalali akasita. "Iko chini ya sindano."

"Basi ikitoka chini ya sindano, beba. Ukiinyofoa ikachanika, ni sare ya mtoto wa watu, utainunua wewe. Na mama yake simjui vizuri, lakini nimesikia akigombana."

"Bosi," mpagazi mmoja akasema, "tumepatikana."

Ndipo nikaona alichokuwa akifanya. Pindo la sketi moja lilipofika mwisho, hakukata uzi. Aliisukuma sketi ya pili ikaifuata ya kwanza, mguu ukiwa haujaacha kukanyaga, na nyuma ya cherehani sketi zilikuwa zikishuka sakafuni zimeshikana kwa uzi, kama watoto walioshikana mikono kuvuka barabara. Kila mshona sare hufanya hivyo asiharibu uzi. Lakini leo haukuwa uzi aliokuwa akiuokoa. Wakati wowote dalali atakaotazama, chini ya sindano kuna nguo ya mteja.

Kulia kwake kulikuwa na sketi zilizokwisha kukatwa. Rundo halikuwa refu.

Mimi, kwa upumbavu wangu, nikadhani nina habari njema.

"Dada, nimetoka dukani. Nimewakatalia."

"Umewakatalia nini?"

"Pacha amerudi. Anataka chumba chetu. Nimemwambia mbele ya mtaa mzima, akitia mguu mle nitamtoa kwa mikono yangu. Nimeapa."

Mguu wake ukasita. Taka. Wapagazi wakainuka. Akakanyaga tena, wakakaa.

"Unadhani ni nani aliyemtafuta Pacha?"

Nikageuka kuutazama mkokoteni.

"Mimi," alisema dada. "Nilipanda basi, nikaulizia karakana kwa karakana mpaka nikamkuta. Nikamwambia, mkataba ule mlisaini wawili, na kila mmoja anadaiwa lote, si nusu. Mzee Tarehe amekuja tu kwenye mlango ulio karibu, ndio huu wangu. Nikamwambia rudi, chukua kile chumba, deni la nyuma mlilipe wewe na mwenzako, mdogo mdogo, na mzee aniachie vitu vyangu. Akakubali. Nikaenda kwa mzee, naye akakubali. Kilichobaki ni kufuli lako."

"Ulimbembeleza mwizi?"

"Nilimbembeleza mwizi," alisema, "kwa sababu mshairi hakuwa anapatikana."

Mpagazi mmoja alitazama viatu vyake. Nilitaka kumpiga kwa kutonicheka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Jana usiku nilianza. Nilisema 'yule mwenzako,' ukainuka ukaacha chakula. Kabla ya hapo nilianza pia, ukaniambia wewe heshima yako huiuzi." Akavuta sketi nyingine, akaiunga, hakukata uzi. "Heshima yako, mdogo wangu, aliyeidhamini ni mimi. Na hiyo hapo nje, imefungwa kwa kamba kwenye mkokoteni."

Nimekariri mashairi tangu nikiwa na meno ya utoto. Hapo nikatafuta ugomvi badala ya mstari.

Nikahamia kwa dalali, maana hasira haikosi pa kwenda. "Na wewe huoni haya? Mwanamke anashona, wewe umemsimamia kama nyapara?"

"Naona haya," alijibu dalali, polepole. "Ndiyo maana nimesimama na sijakaa. Mimi sina ugomvi na mtu, kijana. Mzee akinipigia simu kwamba chumba amekipokea, nashusha kila kitu, nakunja amri yangu, naenda. Asipopiga, nguo zikiisha, nabeba. Mimi nami nina bosi."

"Na zinakwisha," alisema mpagazi, akilipima rundo kwa macho.

Nikaushika ufunguo kifuani. Ulikuwa wa moto kwa joto la mwili wangu. Nikamwona Pacha akiingia kwenye chumba changu na kiatu chake kilichopigwa soli mpya. Nikauona mtaa ukiwa umejipanga kumtazama mtu aliyeapa asubuhi akimeza kiapo chake kabla ya mchana. Yule wa vitunguu atakuwa mstari wa mbele.

"Na shairi," dada akasema. "Mzee anataka lifutwe. Anasema kisu hakiwezi."

"Hakiwezi. Linataka mafuta, msasa, na anayejua." Nikamsogelea. "Lakini dada, shairi lile, vina vyake..."

"Vina vyake nimevisoma. Nilisimama pale nikavisoma vyote. Ni vizuri." Kwa mara ya kwanza tangu niingie aliinua macho, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kafute."

Nikachukua chupa ya mafuta ya taa chini ya kabati. Nikachukua msasa wangu wa mwisho.

Mlangoni niligeuka. Sketi zilizobaki zingehesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

"Dada, usikate uzi," nikasema, kwa sauti ya kusikiwa na dalali na watu wake. "Nakwenda kufungua kwa mkono wangu. Shairi nitalifuta mimi. Pacha nitampisha apite, na sitamgusa. Na nakuahidi, sketi ya mwisho haitamaliza pindo kabla simu ya mtu huyu haijalia."